Makali si Mng'ao: Jinsi ya Kulinganisha Dawa za Kusugulia Rangi ya Motokaa

Wasomaji wenzangu, mtu akipita Katwe siku ya Jumamosi ataona motokaa zimeegeshwa kando ya barabara, na vijana wenye vitambaa wakizisugua mpaka mtu aweza kutazama uso wake mlangoni kama katika kioo. Mwenye gari hufurahi, hulipa, huenda zake. Mimi nami nilidhani ya kuwa gari likisha kumeta basi kazi imekwisha. Katika likizo ya Mei nilijifunza kwamba sivyo, na somo hilo lilimgharimu mjomba wangu fedha, na mimi likanigharimu wiki mbili za masomo. Kwa hiyo nataka kuwaeleza niliyoyaona. Mimi si fundi, wala sijidai kuwa fundi. Lakini wengi wetu hapa shuleni tuna gari la baba, la mjomba au la jirani ambalo ndilo linalotulipia karo, na haifai tuliharibu kwa kulipenda.

Habari yenyewe ni hii. Mjomba wangu alikuwa na Toyota ya rangi ya buluu nzito, ambayo alikuwa akichukulia abiria hapa Kampala. Mwezi wa Mei aliazimia kuiuza ili anunue nyingine iliyo changa kidogo, na katika fedha hizo ndimo ilimokuwa itoke karo yangu ya muhula wa pili. Gari lilikuwa zima, lakini boneti na paa vilijaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui, ambayo jua likiwaka ilionekana yote. Mjomba akanipa fedha kidogo akaniambia, "Mjomba, lisugue gari lipendeze, Jumamosi anakuja mtu kulitazama."

Nikaenda dukani, nikanunua chupa iliyoandikwa kwamba huondoa mikwaruzo kwa dakika moja. Nilisugua jioni moja tu, na kweli, mikwaruzo ikatoweka. Jumamosi mnunuzi akaja, akazunguka gari mara mbili, akakubali bei, akasema atarudi Jumatatu na fedha. Usiku wa Jumapili ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi nikaliosha gari kwa sabuni na maji mengi ili kuondoa matope. Mnunuzi alipofika saa nne, jua likiwa kali, utando wote wa buibui ulikuwa umerudi mahali pake. Yule bwana alitazama boneti kwa muda, kisha akamwambia mjomba kwa upole, "Mzee, gari nililoliona juzi lilikuwa jingine." Akaondoka na fedha zake. Alidhani tulitaka kumdanganya, wala hatukuwa na la kumjibu.

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu darasa la chini, lakini siku ile ndipo nilipoielewa.

Mjomba hakunigombeza. Alinichukua Katwe kwa mzee mmoja mpiga rangi, ambaye alijifunza kazi yake Kisumu, na ndiyo sababu Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Mzee alipitisha kidole juu ya boneti, akacheka. "Mwanangu," akasema, "hukulisugua gari hili, ulilipaka mafuta. Dawa ina mambo mawili, makali na mng'ao, nawe umenunua mng'ao peke yake." Basi akaniruhusu kukaa gerejini kwake siku zilizobaki za likizo, nikamsaidia kazi, naye akanifundisha. Mafunzo yenyewe nitayaeleza kwa taratibu.

NGOZI YA MOTOKAA

Kwanza yatupasa kujua tunasugua nini. Watu wengi hudhani rangi ya gari ni kitu kimoja kinene. Sivyo. Juu ya bati kuna praima, ambayo huzuia kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe. Na juu kabisa, katika magari mengi ya siku hizi, kuna tabaka lisilo na rangi, kama kioo chembamba, ambalo mafundi huliita klia. Mikwaruzo tunayoiona mara nyingi imo katika klia hiyo, wala haikufika kwenye rangi.

Unene wake hupimwa kwa maikroni, nazo maikroni 1,000 ni milimita moja. Matabaka yote pamoja, jinsi yanavyotoka kiwandani, huwa kama maikroni 100 hadi 150. Karatasi moja ya daftari ina maikroni 100 hivi. Kwa hiyo rangi yote ya gari, ambayo huikinga na mvua na jua kwa miaka mingi, unene wake ni wa karatasi moja au moja na nusu. Klia peke yake ni kama maikroni 35 hadi 50, yaani nusu ya karatasi, tena ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Ndani ya klia mna madawa ya kuzuia ile miale ya jua inayochakaza rangi. Ikiisha klia, rangi ya chini hupauka na kubambuka upesi, na jua letu la ikweta halina huruma.

Magari ya zamani hayakuwa hivi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi iitwayo Duco, iliyopulizwa kwa bomba na kukauka upesi, na magari ya Oakland ya mwaka 1924 yakawa ya kwanza kupakwa. Kabla ya hapo gari liliweza kukaa kiwandani wiki nyingi likingojea rangi ikauke. Lakini rangi za namna ile zikikauka zilikuwa hafifu, bila kumeta, na hapana budi zisuguliwe ndipo zing'ae. Basi kusugua kulikuwa sehemu ya kupaka rangi. Klia ilienea katika magari ya kawaida katika miaka ya 1980. Mzee aliniambia kwamba katika ujana wake kitambaa kikishika rangi ya gari hakuna aliyeshtuka, maana rangi ilikuwa tabaka moja nene. Siku hizi kitambaa kikishika rangi, ujue klia imekwisha toboka.

MAKALI NI NINI?

Dawa ya kusugulia, ambayo mafundi huiita kampaundi, ni kama uji: kuna maji, kuna mafuta, na ndani yake mna chembe ngumu za unga. Chembe hizo ndizo zinazofanya kazi. Nyingi ni za oksidi ya alumini. Katika kipimo cha ugumu alichokitoa Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ni 10, oksidi ya alumini ni 9, na mchanga mweupe ni 7. Klia ni laini mno mbele ya vitu hivyo. Katika dawa kali chembe huwa na ukubwa wa maikroni kadhaa. Katika dawa laini huwa karibu na maikroni 1 au chini yake.

Makali ya dawa ni uwezo wake wa kukata klia. Na hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba dawa hujaza mkwaruzo kama vile mtu anavyoziba ufa wa ukuta kwa udongo. Sivyo. Fikirini greda inayotengeneza barabara ya murramu yenye mashimo. Greda haileti udongo mpya; hukwangua pande zote za shimo mpaka barabara nzima ishuke ilingane na chini ya shimo. Kampaundi hufanya vivyo hivyo. Mkwaruzo wa kina cha maikroni 3 hautoki mpaka maikroni 3 ziondolewe kila mahali kando yake. Ukiondoka mkwaruzo, ujue na klia imepungua, wala hairudi tena. Greda yaweza kuletewa murramu mpya mwaka ujao; klia hailetewi kitu, ila kupaka upya.

Kwa hiyo kuna mikwaruzo isiyopasa kufuatwa. Mzee hupitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umezama mno, na kuusugua mpaka uishe ni kutafuta hasara.

Tena makali hayatoki katika dawa peke yake. Kuna mambo manne yanayoyaongeza au kuyapunguza: ukubwa na ugumu wa chembe, kitu unachosugulia, kwa maana manyoya ya kondoo hukata kuliko sponji, na sponji ngumu hukata kuliko laini, nguvu ya mkono na mwendo wa mashine, na ugumu wa klia yenyewe, ambao si sawa katika magari yote. Viwanda vingine huandika kwenye chupa namba ya makali, kwa mfano 8 katika 10. Namba hiyo yafaa kulinganisha chupa za kiwanda hicho tu. Hakuna mizani moja ya makali ambayo viwanda vyote vimekubaliana, kwa hiyo 8 ya hapa yaweza kuwa 5 ya kule.

MNG'AO NI NINI?

Mng'ao ni jambo la mwanga. Ukitazama ziwa pale Ggaba asubuhi kukiwa shwari, waona mitumbwi imepinduka ndani ya maji kama katika kioo. Upepo ukivuma kidogo, picha hupotea, ingawa maji ni yale yale na mwanga ni ule ule. Uso ulio sawa hurudisha mwanga wote upande mmoja; uso wenye mawimbi huutawanya. Rangi ya gari ni kama ziwa hilo. Mikwaruzo mikubwa huonekana kama mistari. Midogo midogo iliyo mingi huonekana kama ukungu.

Huenda umeona ya kuwa mikwaruzo ya gari huonekana kama miduara kulizunguka jua. Kumbe si ya mviringo. Imeelekea kila upande, lakini ile tu iliyokaa kwa namna ya kuurudisha mwanga machoni mwako ndiyo uionayo, nayo hulizunguka jua. Tazama chini ya sufuria iliyosuguliwa vizuri kwa steelwire, utaona jambo lilo hilo. Ukisogeza kichwa, na miduara husogea nawe.

Sasa, kila dawa hukwaruza, hata iliyo laini. Tofauti ni ukubwa wa mikwaruzo inayoiacha. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa maikroni 0.4 hadi 0.7. Mikwaruzo iliyo midogo sana kuliko hapo haiutawanyi mwanga kwa kiasi cha jicho kutambua, nasi twasema gari linang'aa. Hivyo hakuna dawa isiyokwaruza. Kuna dawa ambayo mikwaruzo yake ni midogo mno kwa macho yetu.

Viwanda vina chombo cha kupimia mng'ao. Hupeleka mwanga juu ya rangi kwa pembe maalumu, mara nyingi nyuzi 60, na kupima kiasi kinachorudi. Kioo cheusi kilichosafishwa sana ndicho kilichofanywa kuwa 100. Chombo hicho ni kizuri, lakini nacho hakisemi yote, maana hakijui kama mng'ao unatoka katika uso uliosawazishwa au katika mafuta yaliyojaa ndani ya mikwaruzo. Hapo ndipo nilipodanganyika mimi. Dawa niliyonunua ilikuwa na mafuta mengi na makali haba. Mafuta yalijaza mifereji, mwanga ukapita juu yake kana kwamba ni sawa. Sabuni ilipoyaondoa, mifereji ikabaki kama ilivyokuwa. Kuficha hivyo si kosa, kama mtu anajua ndilo alilofanya. Kosa ni kudhani umeponya.

JARIBIO LETU

Nilimwuliza Mzee, "Basi nitajuaje dawa ipi ina makali na ipi ina mng'ao, ikiwa chupa hazisemi?" Akanijibu, "Usiiulize chupa. Uliza bati." Nyuma ya gereji palikuwa na boneti nyeusi ya gari lililokufa zamani. Tukaiosha, tukaigawa kwa utepe wa karatasi katika miraba minne, kila mraba kama sentimita 30 kwa 30. Dawa zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa nzito kama samli, ya kopo kubwa. Ya pili ya maji maji kama maziwa. Ya tatu laini sana, ya kumalizia. Na ya nne ile chupa yangu ya dakika moja.

Ili dawa zote zianze mahali pamoja, tulisugua kila mraba kwa msasa wa maji namba P2000, mara 20 hivi na mara 20 vile. Msasa huo una chembe za maikroni 10 hivi, na alama zake ni sawa sawa, zaonekana wazi. Kisha tulichukua mashine, sponji za namna moja, dawa ya kiasi kimoja, na dakika moja kwa kila duru. Mwisho wa kila duru tulifuta mraba kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ili kuondoa mafuta, ndipo tukatazama kwa tochi.

Siku ya kwanza tuliharibu jaribio letu wenyewe. Tulitumia kitambaa kimoja kufutia miraba yote. Chembe za dawa nzito zikabaki katika kitambaa, na tulipofuta mraba wa dawa laini tukaukwaruza upya. Ilitupasa kuanza tena kwa msasa, na mara hii kila mraba ukapata kitambaa chake na sponji yake.

Makali tuliyapima kwa kuhesabu duru mpaka alama za msasa ziishe. Mng'ao tuliupima kwa rula ya shule. Tulisimamisha rula juu ya bati, tukatazama picha yake iliyopinduka, na kusoma namba mpaka tuliposhindwa kuzitambua. Uso ukiwa safi, namba za mbali husomeka. Ukiwa na ukungu, hupotea upesi.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Dawa nzito ilimaliza alama za msasa kwa duru 2 tu, lakini iliacha ukungu. Namba zilisomeka mpaka sentimita 6. Dawa ya maziwa ilihitaji duru 4, na namba zikasomeka mpaka 15. Dawa laini haikuziondoa alama hata baada ya duru 8, ingawa kati ya alama na alama bati liling'aa sana. Na chupa yangu? Baada ya duru 1 tu ilionekana kuzishinda zote, tukasoma mpaka 20, na mmoja wa vijana wa gereji akasema hiyo ndiyo ya kununua. Mzee akaifuta kwa spiriti. Alama zote zikarudi, na namba zikapotea kabla ya 5. Kijana yule akanyamaza, na mimi nikanyamaza zaidi.

Mwisho tulichukua mraba wa dawa nzito, tukausugua tena kwa dawa laini duru 2. Ukungu ukaondoka, na rula ikasomeka mpaka 25. Hapo nikaelewa. Mtu akiuliza dawa ipi ni bora, swali lake halijatimia. Dawa kali yaondoa jeraha kubwa na kuacha dogo. Dawa laini huja nyuma yake kuliondoa lile dogo. Kuzishindanisha ni kama kushindanisha jembe na ufagio.

Jambo moja zaidi nililojifunza katika kazi hiyo: chembe za baadhi ya dawa huvunjika zikisuguliwa, zikawa ndogo na ndogo zaidi. Ukiacha kati, waacha ukungu ambao dawa yenyewe ingeuondoa. Dawa nyingine chembe zake hazivunjiki, nazo makali yake hufuata mkono wako. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu dawa, hakikisha umeifikisha mwisho wake.

KOSA LANGU LA PILI

Ningependa kusema ya kuwa baada ya jaribio hilo nilikuwa na busara. Sikuwa nayo. Muhula ulikuwa karibu, na gari halijauzwa. Siku moja Mzee alipokwenda kula, nilichukua mashine, nikaifunga manyoya ya kondoo, nikapaka dawa nzito, nikaanza boneti ya mjomba. Katikati ilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye ukingo wa boneti, pale bati linapojikunja, niliona manyoya meupe yamekuwa ya buluu. Nilisimamisha mashine upesi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Palikuwa na doa lililofifia, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 500.

Mzee aliporudi alinieleza kwa nini ni pale hasa. Rangi ikiwa bado mbichi huvutwa ikakimbia makali ya ukingo, kwa hiyo pale huwa nyembamba tangu siku ya kwanza. Tena mashine ikipita juu ya ukingo, nguvu yote huangukia mstari mmoja mwembamba, na joto hupanda. Mafundi waangalifu hubandika utepe juu ya kingo zote kabla ya kuanza. Mimi sikubandika. Jambo jingine ni kwamba hatukujua klia imebaki kiasi gani. Sheria iliyotungwa Uganda mwaka 2018 ilikataza kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa, ila aina chache. Lakini hata gari la miaka 10 laweza kuwa limesuguliwa mara kadhaa na wenyewe wa kwanza, kabla halijapanda meli. Kuna kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi juu ya bati, lakini gereji nyingi hazina. Asiye nacho na afanye kana kwamba klia iliyobaki ni kidogo.

Boneti iliyobaki tuliimaliza kwa dawa ya maziwa na sponji, kisha dawa laini. Tukaifuta kwa spiriti, tukaiosha kwa sabuni, tukaiacha juani siku mbili. Mikwaruzo mingi haikurudi. Michache iliyozama tuliiacha palepale.

MASHAURI

Kabla sijamaliza, napenda kutoa mashauri machache kwa yeyote atakayeshika kitambaa.

Kwanza, osha kabla ya kusugua, tena kwa maji mengi. Vumbi jekundu la Kampala lina chembe za mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Anayefuta vumbi kavu kwa kitambaa kila asubuhi ndiye anayeusuka ule utando wa buibui, kisha hutafuta dawa ya kuutoa.

Pili, anza na dawa laini kuliko zote, mahali padogo pasipoonekana sana. Ikitosha, imetosha. Isipotosha, panda ngazi moja. Aanzaye na kali hana pa kurudi.

Tatu, fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi. Juani dawa hukauka kabla ya kumaliza kazi yake, na huacha madoa.

Nne, usiamini jicho mpaka umefuta mafuta. Spiriti kidogo na maji yatakuambia kweli kuliko maandishi ya chupa.

Tano, usidanganywe na rangi ya gari. Matatu zetu nyeupe zenye mraba mraba wa buluu huonekana safi, kwa sababu weupe huficha mikwaruzo. Nyeusi na buluu nzito hazifichi kitu.

Sita, funika pua na mdomo. Vumbi la dawa iliyokauka si la kuvuta pumuzi, hasa lenye chembe za mchanga, ambalo mapafu hayaliondoi kwa urahisi.

Na gari la mjomba? Lilipata mnunuzi mwingine mwezi wa Juni. Nilikuwapo. Yule mnunuzi alikuwa bado anatazama magurudumu, mjomba akamshika mkono, akampeleka mbele, akamwonyesha lile doa la shilingi 500 kabla hajaulizwa. Alimwambia, "Hapa mpwa wangu alikosea. Sehemu nyingine yote, ioshe wewe mwenyewe uione." Akampa ndoo na sabuni. Mnunuzi aliosha kweli, akatazama, akapunguza bei kidogo kwa ajili ya doa, akalipa siku ile ile.

Karo yangu ililipwa wiki mbili baada ya muhula kufunguliwa, na masomo niliyoyakosa ilinibidi kuyanakili katika madaftari ya wenzangu usiku. Hisabati ya wiki hizo mbili bado hainikai vizuri. Lakini jambo hili moja limenikaa: mng'ao wa leo usiulizie jicho, uulizie maji.